Karanga alikwenda shule ya kuwinda, karudi anawakwepa ndege

Niseme mapema kwamba naandika nikiwa na hasira. Nilisubiri zipoe kwanza. Hazijapoa, kwa hiyo mnivumilie.

Mbwa wangu anaitwa Karanga, pointa wa Kijerumani mwenye manyoya mafupi, kahawia na madoadoa. Tunakaa Sioux Falls, Dakota Kusini, na huku ukiwa na mbwa wa aina hii halafu msimu wa fesanti ukifunguliwa mwezi wa kumi umekaa nyumbani, majirani wanakutazama kama mtu aliyefuga ng'ombe wa maziwa na hamkamui. Fesanti ndiye ndege rasmi wa jimbo tangu 1943, ingawa asili yake ni China, mhamiaji mwenzetu. Mimi nimekulia Singida. Kwale tulikuwa tunawatega, na kazi ya mbwa ilikuwa kukimbiza na kubweka basi. Mbwa anayemnusa ndege aliyejilaza kwenye nyasi, akaganda, mguu mmoja juu, pua imenyooka pale pale alipo, akakungoja mpaka ufike na bunduki yako ya marisau, huyo nilimwona huku kwa mara ya kwanza na usingizi ukaniisha.

Karanga kipaji alikuwa nacho kabla hajaguswa na mwalimu yeyote. Chama cha mbwa wa kuwinda cha Amerika Kaskazini, NAVHDA, kina mtihani wa vipaji vya asili kwa mbwa ambao hawajapita miezi 16, na kila kipengele kinapewa alama kuanzia 0 hadi 4. Kwenye kunusa alipata 4. Kwenye kuganda mbele ya ndege, 4. Zikumbukeni hizo alama.

Kilichobaki kilikuwa adabu tu: akishaganda atulie hivyo hivyo mpaka ndege aruke na bunduki ilie, asimkurupukie. Ndiyo nikampeleka kwa mkufunzi mmoja mwenye shamba nje ya mji. Simtaji, wanaomfahamu watamtambua. Mbwa anaishi kwake, unalipa kwa mwezi, na ndege wa mazoezi unawalipia pembeni, kila njiwa na bei yake.

Siku ya kumchukua tukaenda uwanjani nionyeshwe matunda ya hela yangu. Nyasi za kufika kiunoni, pembeni ukanda wa mtama (huku mtama wanapandia ndege, we acha tu). Upepo unampiga Karanga usoni, yaani hali ambayo mbwa wa pointa anaiomba kwa Mungu. Fesanti dume alishafichwa kwenye nyasi. Karanga akaja vizuri, kichwa juu, mkia unachapa huku na huku. Akaipata harufu. Nilimwona kabisa, shingo iligeuka ghafla, na mimi nikabana pumzi.

Mkia ukashuka. Masikio yakalala. Akageuzia uso upande wa pili, akapitia mbali, akaenda kunusa kichaka kisicho na kitu, akainua mguu akakojoa. Na wakati anakojoa ananitazama mimi. Nyuma yake fesanti akaruka zake na kelele zote.

Waliozoea mbwa hawa wanajua nilichokiona. Hakukosa harufu, alimkwepa ndege kwa makusudi. Na mbwa mwenye alama 4 hazaliwi hivyo, anafanywa hivyo, mara nyingi na kola ya umeme, ile ya shingoni ambayo ukibonyeza rimoti inamshtua. Kola yenyewe siilaumu, hata mimi ninayo. Ila utaratibu wake unajulikana: mbwa anajifunza amri ya kusimama kwanza kwa kamba ndefu, mbali na ndege, mpaka imemwingia damuni, halafu ndipo kola inakuja kumkumbusha, tena kwa kiwango cha chini. Ukimbonyezea pale pua yake imejaa ndege, yeye hajui kwamba anaadhibiwa kwa kusogeza mguu. Anachojua ni kwamba ndege wanauma.

Nikauliza kwa adabu zote, "Samahani mkuu, ulimbonyezea kola akiwa juu ya ndege?" Jibu la kwanza, upepo mbaya. Upepo uliokuwa unanipeperushia kofia kwa nyuma! Nikamwonyesha. Jibu la pili, damu: "Mbwa wenu hawa wa bei rahisi hawana moyo." Mbwa wenu, nani? Mimi na nani? Kabla sijauliza simu yake ikaita, akanipa mgongo, akaanza kucheka na mtu wa upande wa pili. Nimesimama pale nimeshika kamba. Kijana wake ndiye aliyekuja, na hakuja na maelezo, alikuja na bili ya ndege. Nikaisoma mstari kwa mstari. Mstari wa mwisho, fesanti dume, mmoja. Yule yule aliyeruka!

Sasa haki ya mtu nimpe. Amri ya kusimama kamfundisha barabara. Karanga ukimwambia asimame anasimama, hata sungura akikatiza mbele ya pua, hata akiwa mbali kule mwisho wa shamba. Mwanangu anamsimamisha katikati ya ngazi na mbwa anabaki hapo hapo. Mlio wa bunduki nao ameuzoeshwa kitaalamu: kutoka mbali, akiwa amenogewa na kukimbiza, wakisogea kidogo kidogo. Hapo ndipo mbwa wengi wanaharibiwa, wa kwangu hakuharibika. Kwa hiyo kazi anaijua, na hilo ndilo linalonichoma zaidi. Asiyejua ningemsamehe. Huyu ana banda limejaa mbwa na foleni ya wenye hela, akaamua kufupisha.

Nilianza kuandika hapa na nyota tatu. Nilipofika kwenye simu ikawa moja. Kwa ajili ya bunduki, basi, mbili.

Mzee mmoja jirani yangu ndiye aliyenielekeza pa kuanzia. Kola kabatini, mdomo nifunge, nimpeleke kwenye ndege wa mwituni nimwache akimbize anavyotaka. Madume ya huku hayaruki ovyo, yanatimka chini kwa miguu kwenye matete, na kuyafuata huko kumemrudishia Karanga uchangamfu. Sheria inaruhusu madume 3 kwa siku, majike hayaguswi. Sisi tunarudi mikono mitupu na roho nyeupe. Sasa ameanza kuganda tena, sekunde chache, halafu uvumilivu unamshinda anarukia. Sawa tu. Lakini angalieni hesabu yake: amri ya kusimama, kitu pekee kizuri nilicholipia, siruhusiwi hata kuitamka karibu na ndege mpaka woga umtoke. Nimenunua kitu ninachokitumia kwenye ngazi za nyumbani.

Mwenye mbwa ambaye hajaanza kabisa habari za ndege, ampeleke kwa mkufunzi huyo kwa amri ya kusimama na bunduki, halafu amchukue haraka. Au asimpeleke. Sijui, ukiniuliza asubuhi nitakwambia hivi, jioni vile.

Majuzi kaniandikia ujumbe, eti nimrudishe Karanga amalizie bure, nitalipia ndege tu. Ndege tu! Yule fesanti aliyeruka bado yupo kwenye bili, na simlipi.