Bunduki ya gundi ndogo ya wati 20, ile ya umeme ya kuyeyushia vijiti vya gundi, inafaa au tunatupa hela?

Nianze na jibu kwa wenye haraka: inafaa. Tena kama unataka kujitengenezea mapambo ya nyumbani au ya shughuli kwa hela kidogo na bajeti inaruhusu kifaa kimoja tu, chukua hiki kabla hujafikiria mikasi ya kukata mawimbi, mashine ya kukatia herufi na makorokoro mengine yote yanayopigiwa debe kwenye video. Ila kuna mambo hayajaandikwa kwenye boksi lake na ndo hayo yamenikalisha hapa.

Ninayoizungumzia ni ile ndogo ya kawaida kabisa, plastiki nyepesi, haina mbwembwe, inatumia vijiti vyembamba vya milimita 7. Ya kwangu ina jina ambalo hata silikumbuki na sidhani kama ni muhimu maana ukizigeuza geuza zote za saizi hii zinafanana, rangi tu ndo inabadilika. Kubwa yake inatumia vijiti vya milimita 11 na nyingi ni wati 60 mpaka 100, hiyo nitaigusa chini.

Kazi yake ni rahisi, unachomeka, unaipa kama dakika 5 ipate moto, unaminya triga kijiti kinasukumwa ndani kinayeyuka kinatokea puani. Kile kijiti ni aina ya plastiki tu, kikipata joto kinalainika na kikipoa kinaganda, hakuna maji ya kusubiri yakauke, ndo maana kitu kinashika ndani ya nusu dakika hivi wakati gundi nyeupe inakutaka ukishikilie kipande hadi mkono ufe ganzi, ukikiachia tu kinaporomoka. Hiyo kasi ndo unayoilipia. Ukiwa na maua ya karatasi ya kujaza ukuta mzima wa kupigia picha na shughuli ni kesho, utaelewa. Na wale wanaoogopa bili ya umeme watulie, wati 20 ikiwaka saa nzima ni uniti 0.02, taa zako zinakula zaidi.

Sasa inapong'ara kweli kweli ni kwenye maboksi. Yaani kadibodi na hii bunduki walizaliwa pamoja. Chukua mfano wa zile namba kubwa za bethidei za kusimama sakafuni, watu wanakodi kwa hela nyingi wakati malighafi iko nyuma ya duka lolote inasubiri kutupwa. Unachora namba mara mbili kwenye kadibodi, unakata, hizo ni mbele na nyuma, afu unakata mikanda mirefu ya upana unaotaka namba iwe nao, hiyo ndo mbavu. Siri iko kwenye mikanda. Kadibodi ina mifereji ndani yake, ukikata mkanda mifereji ikalala kufuata urefu, ukifika kwenye kona za 3 au 8 inavunjika vibaya, inaleta makunyanzi. Ukiikata mifereji ikakatiza upana wa mkanda, inajikunja yenyewe kwenye kila mfereji na mzunguko unakaa mzuri. Halafu gundi weka kwa vipande vifupi vifupi, urefu wa kidole, bana, hesabu polepole mpaka ishike, songa mbele, maana ukipaka mkanda mzima kwa mpigo ile ya mwanzo itakuwa imeshapoa kabla hujaugusisha. Hapo hakuna gundi nyingine ya bei hii inayoweza kufanya kazi, ya maji ingelainisha kadibodi na selotepu ingeachia ukishapaka rangi juu.

Vitu vingine inavyoviweza vizuri ni riboni na utepe kwenye mashada, kamba ya katani kuzungushia kopo liwe chombo cha maua, shanga kubwa, vifungo, kitambaa kizito juu ya kadibodi, mbegu na majani makavu. Hapo sina la kuongeza, unabana tu inashika.

Foma nyeupe, ile inayofungashiwa tivii, nayo inashika, ila hapa ndo inabidi ujue umenunua ya joto gani. Kuna za joto la chini zinazocheza nyuzi 120 za Selsiasi hivi na kuna za joto la juu zinazofika kama 190. Ya joto la juu ukigusisha foma inatoboa shimo, foma inayeyuka na kukunjamana. Ya joto la chini inavumilika. Na usije ukadhani supagluu ndo mbadala, nyingi zinaila foma ileile ukiwa unaangalia. Kwa hiyo kama kazi zako nyingi ni foma, karatasi na utepe, tafuta iliyoandikwa joto la chini, au bora zaidi ile yenye swichi ya kuchagua joto mbili. Kama ni mbao na kadibodi nene, joto la juu linashika zaidi kwa sababu gundi inakuwa nyepesi inaingia ndani kabla haijapoa.

Haya, lawama.

Kile kimguu cha waya cha kuisimamishia ni utani. Ukivuta waya wa umeme kidogo tu bunduki nzima inalala ubavu na inaendelea kudondosha gundi ya moto mezani. Isimamishe juu ya kigae au sahani kuukuu na usitegemee kile kimguu peke yake. Inadondosha hata ukiwa hujaminya, hiyo ni kawaida yao, siyo kwamba umeuziwa mbovu. Weka chini karatasi ya kuokea, gundi haishiki hapo, ikipoa unaibandua safi.

Nyuzinyuzi. Kila ukiinua pua inavuta uzi mwembamba kama buibui na ukimaliza kazi nzima ina manyoya. Watu wanakaa wanayanyofoa mojamoja, acheni, pitisha drai ya nywele kwa mbali sekunde chache zinajikunja zenyewe zinapotea. Kwenye maputo lakini usijaribu hiyo wala usijaribu gundi yenyewe, puto linaweza kupasuka, tumia selotepu ya pande mbili.

Karatasi nyembamba sana, ile laini ya kufungia zawadi, nayo hapana. Gundi inaacha uvimbe unaoonekana upande wa pili. Kwa karatasi kwa karatasi gluu ya kijiti ya wanafunzi inafanya kazi safi zaidi na ni bei chee.

Glasi na chuma ndo wengi wanapolalamika kwamba imebanduka baada ya siku mbili tatu. Sehemu laini na ya baridi inaipoza gundi kabla haijashika sawasawa. Futa vumbi na mafuta, kwangua kidogo na msasa kama hapataonekana, pasha moto kidogo na ile drai ndo uweke gundi. Inasaidia, ingawa sitakudanganya kwamba itadumu miaka. Na mtungi wa glasi uliouzungushia kamba usiweke mshumaa wa kweli ndani, glasi ikipata moto gundi inalainika kamba inaanza kuteleza, na kamba yenyewe ikikaribia moto ni hatari nyingine. Vitaa vya betri vinatosha. Hivyohivyo usiache mapambo kwenye gari lililofungwa juani, utayakuta yamelegea kabla hata hujafika ukumbini.

Ukutani je? Ukiibandika moja kwa moja itatoka na rangi ya ukuta, na kama umepanga nyumba ni ugomvi na mwenye nyumba. Bandika kwanza selotepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, afu gundi weka juu ya selotepu. Ukimaliza shughuli unavuta tepu, vyote vinatoka. Ila hiyo ni kwa vitu vyepesi tu. Ikidondokea meza au vigae, tone la spiriti pembeni yake, subiri kidogo, inaachia yenyewe bila kukwangua.

Kuungua nako kupo, tusifichane, hata hiyo inayoitwa joto la chini inaunguza. Gundi inang'ang'ania ngozi huku ikiwa ya moto, na silika ya kila mtu ni kuinyofoa, ukiinyofoa inaondoka na ngozi. Peleka mkono kwenye maji ya bomba yanayotiririka, ya ubaridi wa kawaida siyo barafu, dakika 20, na kama imeng'ang'ania au malengelenge ni makubwa nenda kwa daktari. Watoto wapewe kazi ya kupanga rangi na kukata, bunduki ishikwe na mkubwa.

Vijiti sasa, maana hapa ndo hela inapotea kimyakimya. Vingi vya bei ya kutupa vinanuka vikiyeyuka na vikipoa vinakuwa vigumu vinakatika ukikunja pambo. Vizuri ni vile vyeupe vya mawingu au vya kuona ndani, ukikikunja kinapinda bila kupasuka. Mimi ningeokoa hela kwenye bunduki niiweke kwenye vijiti. Vya glita ni vizuri kwa macho tu, vinaacha takataka ndani na matone yako yote yanayofuata yanatoka na vumbi la dhahabu hata kama umeshabadilisha. Na usichomeke kijiti cha milimita 7 kwenye bunduki ya milimita 11 ukidhani utaokoa, gundi inarudi nyuma inajaa ndani. Vilevile kijiti kikishaingia usikivute kurudi nyuma, kiache humohumo mpaka siku nyingine.

Kuhusu ile kubwa, nunua kama unapamba kwa biashara au unatengeneza vitu vya mbao na majukwaa ya kadibodi, kwa sababu ndogo ukiikimbiza sana inashindwa kuyeyusha kwa kasi yako, unaminya triga inagoma, ukilazimisha inavunjika kwa ndani. Kwa mtu wa nyumbani anayetengeneza vitu vyake taratibu ndogo inatosha, kubwa itakuchosha mkono bure na itamwaga gundi nyingi kuliko unavyohitaji.

Zile za chaji zisizo na waya wengi mnaziulizia. Zinapendeza ukiwa unazunguka na mapambo ukumbini, ila nyingi ukizikimbiza chaji inaisha mapema na joto linapungua katikati ya kazi. Labda kama huko ukumbini hamna umeme kabisa, vinginevyo beba ekstensheni ndefu na hii yako ya waya.