TAHADHARI: Mawakala wanaouza "kifurushi cha familia" — kazi, viza na shule za watoto

Ndugu zangu, kama wewe na mwenzio mnapanga kuhamia nje na watoto, na kuna wakala amewaahidi kazi, viza na nafasi za shule kwa malipo yanayokwenda kwenye akaunti moja, simamisheni malipo leo. Msitume hata ile awamu ndogo ya "kufungua faili". Someni kwanza haya, kisha muamue.

Binamu yangu na mkewe wamelizwa. Wameniruhusu kusimulia ilimradi nisiwataje. Wakala naye simtaji, kwa sababu suala liko polisi, na jina alilojiita kwao silo analojiita kwa wengine. Cha kuwafaa ninyi ni kujua anavyofanya kazi.

Mpango aliowauzia ulikuwa huu: mke anapata kazi ya kuhudumia wazee Uingereza, mume anaingia kama mtegemezi na kufanya kazi yoyote, watoto wawili wanaanza shule. Ukiuliza kama inawezekana, unaonyeshwa watu, na hapo ndipo wengi wanaponaswa, kwa sababu watu hao ni wa kweli. Kuna waliokwenda mwaka 2022 na 2023 kwa njia hiyohiyo, na familia zao, na watoto wao wanasoma hadi leo. Wakala hana haja ya kutunga ushuhuda. Anachukua jambo lililokuwa kweli jana na kuliuza leo, kama mtu anayeuza dawa iliyopita tarehe ndani ya boksi lake halali.

Sheria zimebadilika. Tangu 11 Machi 2024, anayekwenda Uingereza kwa viza ya kuhudumia wazee na wagonjwa haruhusiwi kuja na mume, mke wala watoto. Tangu 22 Julai 2025, kuajiri wahudumu hao kutoka nje ya nchi kumefungwa kabisa. Kwa hiyo anayekuuzia leo kazi hiyo ukiwa bado nyumbani, tena na familia juu yake, anakuuzia kitu ambacho hakipo. Njia ya masomo nayo imebanwa: tangu 1 Januari 2024 wanafunzi wengi wa kigeni hawawezi kuwaleta wategemezi Uingereza, isipokuwa walio kwenye shahada za juu za utafiti na baadhi ya wanaodhaminiwa na serikali.

Kanada ni hivyohivyo. Zamani mzazi mmoja alijiandikisha chuo, mwenzake akapata kibali cha kufanya kazi popote. Tangu 21 Januari 2025 kibali hicho cha mwenza kimebaki kwa wale ambao wenzao wanasoma uzamivu, uzamili wa miezi 16 au zaidi, au kozi chache za taaluma zilizotajwa. Stashahada ya chuo cha kawaida, ambayo ndiyo mawakala wanaisukuma sana kwa sababu ada yake inalipika, kwa kawaida haikupi kibali cha mwenza. Ukimwambia wakala hivyo atajibu kwamba ana "mtu wa ndani". Mtu wa ndani hawezi kubadilisha sheria iliyokwisha kutangazwa, na kama angeweza, asingekutafuta kwenye WhatsApp.

Sasa karatasi zenyewe. Barua ya kazi niliishika mkononi. Ina nembo ya kampuni, sahihi ya kalamu ya buluu, mshahara wa mwaka na posho ya nyumba. Haina anwani ya mahali pa kazi, haionyeshi saa za kazi kwa wiki, na baruapepe ya kujibu ni ile ya bure ambayo yeyote anaifungua. Pamoja nayo kulikuwa na "cheti cha udhamini": karatasi nene, mhuri wa rangi ya dhahabu, riboni nyekundu. Nilipokiona tu nikajua wamepigwa. Udhamini wa kazi wa Uingereza ni kumbukumbu ya kielektroniki. Mwajiri mwenye leseni huitoa ndani ya mfumo wa serikali, na mfanyakazi hupewa namba ya kujaza kwenye ombi lake la viza. Mwajiri anaweza kukutumia nakala ya maelezo yake, lakini cha kutundika ukutani hakuna.

Kampuni iliyotajwa ipo kweli. Imo kwenye orodha ya waajiri wenye leseni ambayo serikali ya Uingereza huiweka wazi mtandaoni, na wakala mwenyewe ndiye aliyewatumia kiungo cha orodha hiyo. Waliliona jina, wakatulia. Orodha inakwambia kwamba kampuni ina leseni. Haikwambii kwamba kampuni hiyo inakujua. Baadaye tulitafuta tovuti ya kampuni sisi wenyewe, tukapiga simu iliyoandikwa pale badala ya ile ya kwenye barua, na dada aliyepokea alitujibu kwa upole kwamba jina la mke wa binamu yangu hawalijui na kwamba si sisi wa kwanza kupiga. Simu moja hiyo ndiyo iliyofunua kila kitu. Tafadhali, ipigeni kabla ya kulipa.

Kinachonikera kuliko vyote ni barua za shule. Shemeji aliniambia kwamba barua ya kazi aliisoma kwa mashaka, lakini aliposhika za shule moyo wake ulikubali. Zilikuwa na majina kamili ya watoto wake, tarehe zao za kuzaliwa, na madarasa watakayoingia. Tapeli anajua mzazi anaangalia nini. Kila barua ilidai "ada ya kushikilia nafasi" kwa kila mtoto na kuwataka waripoti Jumatatu ya kwanza ya Agosti. Agosti shule za England zimefungwa kwa likizo ya kiangazi, mwaka wa masomo unaanza Septemba. Na shule iliyoandikwa ilikuwa ya serikali, ambayo hairuhusiwi kumtoza mzazi chochote ili mtoto apewe nafasi. Maombi ya nafasi hupelekwa kwa halmashauri ya eneo unaloishi au kwa shule yenyewe, na mara nyingi utaombwa uthibitisho wa anwani. Kanada nako ni bodi ya elimu ya eneo lako. Ujerumani shule za umma hazina ada na mtoto aliyefika umri analazimika kisheria kusoma. Kwa kifupi, shule ya umma ya mtoto hufuata makazi yenu. Haiuzwi na wakala miezi kadhaa kabla hamjajua mtaishi mtaa gani.

Kuna toleo jingine linalozunguka, la mtoto kutangulia: mwandikishe mtoto shule Uingereza, kisha mzazi umfuate na kufanya kazi. Viza ya mtoto mwanafunzi ni ya shule binafsi za kulipia, haimruhusu kusoma shule ya serikali. Ipo kweli viza ya mzazi anayemfuata, lakini ni kwa mtoto wa miaka 4 hadi 11, na mzazi haruhusiwi kufanya kazi. Familia inayouza kiwanja ili kuingia kwa njia hiyo itajikuta inalipa ada ya shule binafsi bila mshahara wowote.

Kuhusu pesa. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 181, wa mwaka 1997, unasema mawakala binafsi wa ajira wasimtoze mfanyakazi ada, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka. Si nchi zote zimeuridhia na zipo hali ambazo ada inaruhusiwa, lakini unakupa msingi wa kuuliza: kwa nini mimi ndiye ninayelipia kazi? Kanada, mwajiri anayetaka kibali cha kuajiri mgeni, kiitwacho LMIA, hulipa dola 1,000 za Kanada kwa kila nafasi na haruhusiwi kumtwisha mfanyakazi gharama hiyo. Ukiona "ada ya LMIA" kwenye ankara yako, mtu huyo anakuibia au anakuingiza kwenye kosa.

Binamu yangu alitozwa pia "bima ya afya ya familia". Uingereza ina tozo ya afya kweli: kwa waombaji wengi ni pauni 1,035 kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto, kwa kila mwaka wa viza. Lakini hulipwa kwenye tovuti ya serikali wakati wa kuwasilisha ombi la viza. Wao walilipishwa kabla hata ombi halijaanza kujazwa, kwenye akaunti ya mtu binafsi, na risiti waliyopewa ni picha ya karatasi iliyoandikwa kwa mkono.

Wapo mawakala halali, sisemi wote ni wezi. Wa halali anasajiliwa na anakubali kuchunguzwa. Anayetoa ushauri wa uhamiaji kwa malipo kuhusu Kanada lazima awe wakili au msaidizi wa kisheria mwenye leseni, mthibitishaji (notary) wa jimbo la Quebec, au mshauri aliyesajiliwa na chombo kinachowasimamia washauri hao, hata kama ofisi yake iko nje ya Kanada. Daftari la majina yao liko wazi. Uingereza chombo hicho kiliitwa OISC, tangu Januari 2025 kinaitwa Immigration Advice Authority. Mwombe namba yake ya usajili, itafute mwenyewe, kisha wasiliana naye kwa anwani iliyo kwenye daftari. Akianza kukasirika au kukwambia "kama huniamini tuache", muache.

Na akikwambia hutakuwa na tatizo la salio la benki kwa sababu yeye "ataliweka sawa", kimbia. Taarifa ya benki ya kughushi ikiingia kwenye ombi lako, mwenye kosa kwenye mfumo ni wewe. Kanada humzuia kuingia kwa miaka 5 aliyewasilisha taarifa za uongo. Uingereza inaweza kufika miaka 10. Mwaka 2023 wanafunzi wa kigeni huko Kanada, wengi wao kutoka India, walijikuta wakitishiwa kurudishwa kwao kwa sababu barua za chuo walizotumia kuingilia zilikuwa bandia. Baadhi walikuwa wameshamaliza masomo na kuanza kazi ndipo ikagundulika. Tangu 1 Desemba 2023 vyuo vya Kanada vinatakiwa kuthibitisha kila barua ya udahili kwa idara ya uhamiaji kabla ombi halijashughulikiwa, kwa hiyo barua ya kutengeneza mtaani haifiki mbali. Wewe ndiye utakayebaki na rekodi, na fomu nyingi za viza utakazojaza baadaye zitakuuliza kama umewahi kukataliwa.

Kwa ambao tayari mmelipa. Pigeni simu benki au kampuni ya pesa za simu leo hii, mwombe muamala uzuiwe, kila saa ina maana. Hifadhini jumbe zote pamoja na zile za sauti, namba za simu, majina yaliyotokea wakati wa kutuma pesa, na picha za karatasi. Msitoke kwenye kundi la WhatsApp la wakala kabla ya kuhifadhi. Kama ombi limeshapelekwa ubalozini kwa karatasi za wakala huyo, tafuteni wakili au mshauri aliyesajiliwa mara moja awaongoze namna ya kuliondoa, msisubiri majibu. Toeni taarifa polisi, na pia kwa kampuni ambayo jina lake limetumika. Ile iliyotumiwa kwa binamu yangu ilichukua nakala za barua zote.

Atatokea mtu mwingine wa kuwaambia anaweza kuwarudishia pesa zenu kwa ada kidogo. Kwa binamu yangu alitokea ndani ya wiki ileile, tena akijua kiasi kamili walichopoteza. Namba za walioibiwa huuzwa. Msimlipe.

Na kama wakala bado ameshikilia pasipoti zenu au vyeti halisi vya kuzaliwa vya watoto, msimwonyeshe kwanza kwamba mmemshtukia. Mwambieni benki inahitaji kuviona halisi, mvichukue mkononi, ndipo mwende polisi.