Randa namba 4: mtumba wa Sheffield au mpya ya bei rahisi?

Ukiulizia randa ya chuma dukani bila kutaja saizi, mara nyingi utaletewa namba 4. Ina urefu wa milimita 245 hivi, kisu cha upana wa milimita 50, na uzito usiofika kilo 2. Umbo lake lilibuniwa na Mmarekani Leonard Bailey katikati ya karne ya 19, na kampuni ya Stanley ikanunua hataza zake mwaka 1869. Hataza hizo zimekwisha muda siku nyingi, kwa hiyo kila kiwanda kinaruhusiwa kuiga. Ndiyo maana utakuta randa mbili zinazofanana kama pacha kwa macho, lakini moja inatoa maranda ya kupepea na nyingine inakwangua mbao na kukwama.

Tunazolinganisha hapa ni tatu: Stanley namba 4 ya zamani iliyotengenezwa Sheffield, Uingereza, Record 04, nayo ya Sheffield, ambayo uzalishaji wake ulianza mwaka 1931, na ile mpya ya bei rahisi inayokuja kwenye boksi la karatasi ikiwa na jina ambalo mwakani litakuwa limebadilika. Kama pesa ni ile ile, chukua mtumba wa Sheffield, mradi mwili haujapasuka na kila skrubu ipo mahali pake. Iwe na kutu, iwe imechubuka rangi, hayo yanatengenezeka. Chuma kibaya hakitengenezeki.

Randa za Sheffield si adimu kwetu. Nyingi zilikuja na mafundi na shule za ufundi za zamani, nyingine huja kwenye mizigo ya mitumba, na shirika la Uingereza la Tools for Self Reliance kwa miaka mingi lilikusanya vifaa vilivyotumika, likavikarabati na kuvituma Afrika, Tanzania ikiwemo. Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, waulize kwanza mafundi wazee wa mtaani. Wengi wanazo na wameziweka pembeni tangu waliponunua randa ya umeme.

Anza kukagua mwili. Umetengenezwa kwa chuma cha kusubu, ambacho kikianguka kwenye sakafu ya saruji hupasuka, hakipindi. Fungua randa yote, futa uchafu, kisha angalia kwa tochi pembe mbili za mdomo (ule mwanya ambao kisu hutokezea), pale ambapo ubavu unakutana na uso wa chini. Ufa huanzia hapo. Ining'inize kwa kidole kimoja na uigonge taratibu kwa ufunguo: mwili mzima hulia, uliopasuka hutoa sauti butu. Ufa kwenye mdomo ni mwisho wa mazungumzo, rudisha. Ubavu uliomeguka kipande kidogo karibu na kisigino (mwisho wa nyuma wa randa), kwa upande mwingine, hauathiri kazi na unakupa sababu ya kupunguziwa bei. Mpini wa nyuma uliovunjika pembe ya juu nao usikutishe, kwani kipande cha mninga na asubuhi moja vinatosha kutengeneza mwingine.

Skrubu zinahitaji macho makali kuliko mpini. Stanley walitumia meno yao wenyewe, ambayo hayapo kwenye boksi la skrubu za kawaida. Ile inayoshika kibanio, kile kipande cha juu kinachobana kisu, ni ya inchi 9/32 yenye meno 24 kwa inchi, na zile za mpini na za kiti cha kisu ni namba 12 yenye meno 20. Huwezi kuweka skrubu ya kawaida ya milimita 6 (M6) hapo, na ukilazimisha unaharibu tundu. Gurudumu la shaba la kushusha na kupandisha kisu lina meno ya kushoto, kwa hiyo likionekana limekataa kufunguka, huenda unalikaza. Randa iliyokosa skrubu moja inanunuliwa kwa bei ya vipuri tu. Kwa Record zenye maandishi "Stay-Set", hakikisha pia kipande cha mbele cha bamba la juu, lile la mgongoni mwa kisu, kipo. Bamba lile lina vipande viwili, na kile kidogo hakifungwi kwa skrubu, kimekaa tu kwenye mfuo wake. Mtu akigeuza randa ovyo wakati wa kunoa, kinapotelea kwenye maranda na kufagiliwa nje.

Sasa njoo kwenye kiti cha kisu, kile kipande cha chuma chenye mwinamo wa nyuzi 45 ambacho kisu hulalia. Hapa ndipo randa za bei rahisi zinapoanguka, na ndipo unapotakiwa kuangalia kabla ya kutoa pesa yako. Kwenye Stanley na Record za zamani, uso wa kiti umechongwa kwa mashine ukawa bapa, na sehemu ya chini inayokaa juu ya mwili nayo imechongwa. Kisu kinalala kote, kuanzia juu hadi karibu na makali. Kwenye ile ya boksi la karatasi, mara nyingi kiti kimepakwa rangi nzito hata mahali ambapo chuma kinatakiwa kugusa chuma, na ukikitoa utakuta kinayumba kwenye kona mbili. Kisu kisichoshikwa vizuri hutetemeka, na mtetemo huo huacha mistari midogo kama ngazi juu ya mbao. Watu hudhani makali yamekwisha, wananoa tena na tena, na mistari inabaki.

Kipimo ni rahisi. Ondoa kisu, pitisha rula ya chuma juu ya uso wa kiti, kisha elekeza kwenye mwanga. Mwanga ukipita katikati kidogo si neno. Ukipita kwenye ncha ya chini, karibu na mdomo, hapo kuna kazi. Rangi inakwanguliwa kwa patasi kuukuu, na nundu ndogo zinaondolewa kwa tupa laini, ukipima kila baada ya mikwaruzo michache. Kama kiti kinayumba juu ya mwili, usitumie tupa kwa kubahatisha. Paka wino wa marka kwenye sehemu za mwili zinazogusana, kalisha kiti, kisukume mbele na nyuma, kitoe, kisha punguza zile sehemu zilizochukua wino peke yake. Kwa randa mpya ya bei rahisi kazi hii inaweza kula siku nzima, na bado chuma cha kisu kikawa laini. Siku ya fundi ina bei, iongeze kwenye bei ya dukani ndipo ulinganishe.

Alama nyingine ya umri mzuri ni ule uma wa chuma wenye umbo la Y unaounganisha gurudumu la shaba na kisu. Za zamani ni kipande kimoja kilichosubiwa. Za baadaye ni bati mbili zilizopondwa pamoja, zenye uchezaji mwingi: unazungusha gurudumu mzunguko mzima kabla kisu hakijasogea. Inavumilika, ila kila mara malizia marekebisho kwa kuzungusha upande wa kushusha kisu, la sivyo kitarudi nyuma chenyewe kikikutana na fundo.

Bamba la juu, lile linalobanwa mgongoni mwa kisu, ndilo linaloamua kama randa itaweza mbao zetu. Mvule na mkongo zina nyuzi zinazopishana: ukisukuma upande huu ukanda mmoja unalainika na ukanda wa pembeni unang'oka. Watu hukimbilia msasa. Dawa ni kusogeza bamba karibu na makali. Kwa mbao nyepesi za paina au saiprasi acha milimita 0.5 hadi 1 kati ya ncha ya bamba na makali. Kwa mvule unapomalizia, shuka hadi milimita 0.1 au 0.2, unene wa karatasi moja au mbili. Uso wa bamba unayasukuma maranda yanayokatwa na kuyakunja kabla hayajapata nafasi ya kujiinua na kung'oa nyuzi za mbele. Watafiti Kawai na Kato wa Chuo Kikuu cha Yamagata, Japani, walilionyesha jambo hili kwa kamera iliyokuza mbao zikikatwa. Utajua umefika pazuri maranda yakianza kutoka yamenyooka badala ya kujiviringa. Yakitoka yamekunjamana kama feni ya karatasi, umesogeza mno, rudisha kidogo.

Ila bamba hilo linafanya kazi iwapo tu limelala juu ya kisu bila mwanya. Libane, kisha tazama dhidi ya jua. Mwanga ukionekana, maranda membamba yataingia hapo na kuziba mdomo ndani ya dakika moja. Sugua upande wa chini wa ncha kwenye jiwe, ukishusha mkia wa bamba chini kidogo ya usawa wa jiwe ili ncha kabisa ndiyo iguse. Record za Stay-Set zinastahili sifa hapa, kwa sababu unaondoa kipande cha mbele, unanoa, unarudisha, na kisu kinabaki kimefungwa vile vile.

Visu vyote viwili vya Sheffield ni vyembamba, milimita 2 na kidogo, na vinanoleka upesi. Ukitumia kishikio cha kunolea cha aina ya Eclipse, ambacho kuigwa kwake hakuhesabiki, toa kisu milimita 50 upate nyuzi 25, au milimita 38 upate nyuzi 30. Saga kwa 25, malizia kwa 30. Jiwe la namba 1000 mpaka usikie kwa kidole ukingo mwembamba wa chuma umejikunja upande wa pili, upana wote; kisha 4000 au zaidi; kisha ngozi yenye dawa ya kijani ya kung'arishia. Mgongo wa kisu nao uwe bapa angalau milimita 10 za mwisho. Punguza pembe mbili za makali kwa misuguo michache ya ziada, zisiache mifereji kwenye mbao. Mvule, tena, una mawe madogo ya chokaa ndani yake, na jiwe moja linatosha kumegua makali. Ukiona mstari mwembamba umebaki umeinuka kwenye kila pigo la randa, makali yamemeguka, na itabidi urudi 1000.

Uso wa chini hauhitaji kuwa kioo. Unachotaka ni ncha ya mbele, ukanda ulio mbele ya mdomo, na kisigino viguse kwa pamoja. Bandika msasa wa maji namba 80 juu ya kioo cha milimita 10 au kipande bapa cha granite, acha kisu kimefungwa na kukazwa lakini kimerudishwa ndani, chora mistari ya marka, na sugua mpaka mistari itoweke sehemu hizo tatu. Likibaki bonde dogo kati ya mdomo na kisigino, achana nalo. Malizia 220, paka nta ya mshumaa, na utashangaa randa inavyoteleza.

Randa mpya ya Lie-Nielsen ya Marekani, yenye kisu cha zaidi ya milimita 3, inakuja ikiwa tayari kwa kazi. Ni nzuri kweli. Lakini kwa bei yake unapata Sheffield ya mtumba, mawe mawili ya kunolea, kishikio, na chenji ya patasi.

Kutu iondolewe kwa kuloweka vipande kwenye siki usiku mmoja, kusugua kwa brashi, kuosha kwa maji yenye baking soda, kukausha juani na kupaka mafuta ya cherehani mara hiyo hiyo. Kwa walio Mombasa, Tanga au Zanzibar, mafuta hayo ni ya kila jioni.

Na ukiamua kuweka kisu kipya kinene kwenye randa ya zamani, pima mdomo kwanza. Kisu cha milimita 3 huenda kisipite hata kiti kikirudishwa nyuma kabisa. Hapo panua mdomo kwa tupa, upande wa mbele peke yake, nusu milimita kwa wakati, ukishika tupa imeinamia mbele kidogo ili maranda yapate njia ya kupanda.