Lenzi ya 85 au ya 50? Tuko Dunga Tunapiga Sura

Hamjambo watazamaji wangu, karibuni tena! Niko ufukoni Dunga hapa Kisumu, saa kumi na moja jioni, na mkononi nina lenzi ya Canon EF 85 milimita, f/1.8. Hiyo f ni tundu la kupitishia mwanga: namba ikiwa ndogo tundu ni pana, ikipanda linabana. Uzito na idadi ya vioo sisomi, utayapata kwenye boksi. Leo nataka uangalie pua.

Ndiyo, pua, usitoke kwanza. Huyu ni mdogo wangu. Hapa nimempiga na lenzi iliyokuja na kamera, milimita 18, nikiwa sentimita 30 hivi kutoka usoni. Unaona? Pua imetangulia, masikio yamejificha nyuma ya mashavu. Jamani, mdogo wangu hana pua hiyo! Sasa narudi nyuma, hatua moja, ya pili, mita moja na nusu hivi. Naweka 85. Uso umejaa fremu karibu vilevile, lakini hebu cheki masikio: yamerudi! Pua imekaa mahali pake. Wacha niziweke sambamba muone tena. Kilichonyoosha sura ni umbali niliosimama. Kazi ya lenzi ni kunivutia uso karibu nikiwa huku nyuma.

Na zile mashua nyuma yake zimeyeyuka kabisa, ukungu mtupu. Naipenda hii, naipenda sana! Ila ukikaa karibu hivi kwa f/1.8, sehemu inayotoka kali ni kama sentimita 2 tu. Kope zinaonekana moja moja, sikio limeshafifia. Fokasi iweke kwenye jicho lililo karibu nawe, au panda f/2.8, sehemu kali iongezeke, upumue.

Kinachoniudhi ni hiki, nakuza picha: ukingoni mwa kola nyeupe, pale jua linapopiga, kuna uzi wa zambarau. Lenzi hii ni ya 1992, na kwa f/1.8 inafanya hivyo. Nikifunga hadi f/4 uzi unapungua sana.

Sasa wewe mwenye studio ya chumba kimoja pale mjini, sikiliza. Kwenye kamera ya sensa ndogo kama yangu (sensa ni kile kibamba ndani kinachopokea picha; kikiwa kidogo, picha inakatwa pembeni na lenzi inaonekana kuvuta zaidi), kumpiga mteja mwili mzima na 85 kunataka mita kama 7. Utatokea kwa jirani! Muda wote naisifu 85, lakini kwako wewe chukua lenzi ya Canon 50 f/1.8 STM. Kwenye sensa hiyo inaona kama milimita 80, na kwa bei ya 85 mpya unapata 50 mbili na chenji. Wanaoniuliza lenzi ya kuvuta, 70-200 f/2.8: ni tamu, lakini harusi ya kutwa nzima na karibu kilo moja na nusu shingoni, hapana.

Ukinunua iliyotumika, fungua apacha, lile tundu la mwanga, lote, mulika tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili. Mimi niliuziwa moja yenye kuvu ndani, nyuzi kama buibui, na muuzaji akazima simu. Iliniuma sana. Hewa ya huku ziwani ina unyevu, usifungie lenzi kwenye begi lililolowa.

Wiki ijayo tuko Nakuru, juu Menengai, na 50 peke yake. Bonyeza kengele. Haya mdogo wangu, geuka huku kidogo, jua linazama na bado sijapata ile ninayoitaka.