Uzoefu wangu: kupigana kwa maandishi Telegram bila kudhulumiana

Nacheza mapambano ya maandishi kwenye kundi la Telegram hapa Dar, na nataka kueleza programu hii inasaidia wapi mchezo uwe wa haki, na wapi inawaachia wachezaji wenyewe. Kwa asiyeujua mchezo: kila mtu ana mhusika wake na anamwandika kwa zamu. Wahusika wakigombana, ugomvi wote unakwenda kwa sentensi, hakuna picha wala vitufe vya kupiga teke. Dunia yetu ni pwani ya kale, tuliyoibuni kwa kuitazama Kilwa ya kabla Wareno hawajaivamia mwaka 1505. Kwa hiyo tuna manahodha, walinzi wa ngome, wafanyabiashara wa dhahabu, na waganga wawili watatu ambao kila mtu anawaogopa.

Waliozoea gemu za kwenye simu huuliza kwa nini tusiiachie kompyuta iamue. Inawezekana, na ni jambo la zamani. Mwaka 1978 Roy Trubshaw alianza kuandika MUD, gemu ya maandishi ya kuchezwa na watu wengi kwa pamoja kwenye kompyuta, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Richard Bartle akaiendeleza, na humo mashine ndiyo inayohesabu nani kapigwa. Na mashine hakuna ubishi. Lakini mashine inaelewa amri ilizofundishwa tu, haitamwelewa nahodha anayemwaga mafuta ya nazi sitahani ili adui ateleze. Sisi tunayataka hayo mafuta. Ukishayataka, mwamuzi ni binadamu, na hapo uungwana ndio unaobeba mchezo mzima.

Kosa linaloua makundi ni mtu kuandika pigo pamoja na matokeo yake. "Nachomoa jambia, namkata mkono wa kulia, anaanguka akilia." Huyo amecheza zamu mbili, yake na ya mwenzake. Kundi nililokuwamo mwanzo lilikuwa na mchezaji wa aina hiyo. Ukiandika kwamba mhusika wako ameruka nyuma, anakujibu kwamba alishajua utaruka. Ukimpiga, ngozi yake haipenywi na chuma. Watu waliondoka mmoja mmoja, na waliotangulia kuondoka ndio waliokuwa wanaandika vizuri kuliko wote. Iliniuma, kwa sababu hadithi iliyokuwa imefika pazuri ilikatikia pale.

Pigo la haki linaishia hewani: "Nachomoa jambia, nalielekeza kwenye mkono wake wa kulia, nimetanguliza mguu wa kushoto." Mwenye mkono ndiye atakayesema umepatikana au haukupatikana. Ni kama kujibizana kwa mashairi, unatoa beti zako na jibu unamwachia mwenzako. Tena angalia ule mguu wa kushoto. Mwandishi ameutaja kwa makusudi ili mwenzake apate pa kushika, amvute, amwangushe. Wachezaji ninaowaheshimu kundini wote wana tabia hii ya kumwachia adui mlango. Asiyeacha mlango hajaandika uongo, ila amefunga mchezo.

Sasa, itakuwaje kila mtu akikwepa kila pigo? Hapo tunaiachia dadu iamue, na ndipo Telegram inaponifurahisha. Tangu mwaka 2020, ukituma ile alama ya dadu peke yake kwenye ujumbe, inazunguka na kutoa namba kati ya 1 na 6. Namba haitoki kwenye simu yako, inatoka kwenye mitambo yao, kwa hiyo mtupaji hawezi kuichagua na kundi zima linaiona pale pale. Zile habari za "nimetupa hapa nyumbani, imekuja sita" zimekwisha.

Dadu moja lakini haitoshi. Moja na sita zina nafasi sawa kabisa, hivyo mlinzi aliyefundishwa upanga tangu utotoni atapata 1 mara nyingi kama anavyopata 6, na mvuvi aliyeokota kisu atamchachafya bila sababu. Tulipohamia dadu mbili mambo yakatulia. Saba inaweza kuja kwa njia 6 kati ya 36, wakati 2 na 12 zina njia moja moja tu. Mitupo mingi inaangukia katikati, na ile namba ya nyongeza tunayojumlisha kwenye mtupo wa fundi wa upanga inakuwa na maana. Maajabu bado yapo, ila hayaji kila usiku.

Uangalifu unahitajika kwenye kuhariri na kufuta. Telegram inamruhusu mtu kubadilisha ujumbe wake ndani ya saa 48, na alama ya kuhaririwa inabaki, lakini wachezaji wa kawaida hawaoni kilichoandikwa mwanzo. Ujumbe ukifutwa haubaki hata na kovu. Mtu anaweza kutupa dadu mbaya, akaifuta haraka, akatupa tena. Dawa ipo: msimamizi wa kundi ana orodha ya matukio ya karibuni inayomwonyesha yaliyofutwa na yaliyobadilishwa kwa muda wa saa 48. Kwetu mwendesha mchezo, ambaye pia ni msimamizi, huipitia kabla ya kutangaza matokeo, na kanuni ni kwamba mwenzako akishajibu, ujumbe wako huugusi tena, hata kama ni kosa la herufi. Wanaoanzisha kundi wamtafute msimamizi mwenye subira ya kazi hiyo. Bila yeye, dadu yote ni pambo.

Kuna haki nyingine ambayo nadhani watu wa Dar tunaielewa haraka. Mmoja yuko Masaki na intaneti ya nyumbani isiyokatika, mwingine yuko Mbagala na bando la wiki linaloisha Alhamisi. Umeme nao una siku zake. Zamani ilikuwa ukichelewa kujibu, pigo linahesabika limeingia, kwa hiyo mwenye bando alikuwa anashinda hata kabla ya kupigana. Tukabadilisha: zamu inakaa hadi saa tatu usiku ya siku inayofuata, na ukiaga mapema inasimama. Kuna pia uwezo wa kuweka kasi ya polepole, kuanzia sekunde chache hadi saa nzima kati ya ujumbe na ujumbe, ili mwenye vidole vyepesi asimfunike mwenzake kwa ujumbe kumi mfululizo. Tunautumia kwenye vita vya watu wengi tu.

Na ipo hila ya kimyakimya, mchezaji kutumia anachokijua yeye wakati mhusika wake hakijui. Sote tunasoma kundi moja, kwa hiyo kishawishi ni kikubwa. Juzi mmoja alimleta nahodha wake ngomeni saa ile ile mlango wa nyuma ulipoachwa wazi. Dada mmoja akamwandikia: "Kaka, nahodha wako bado yuko Sofala. Habari za mlango kaletewa na nani?" Akajibu, "Kweli dada, narudia zamu." Ikaisha hapo, hakuna aliyenuna. Siri kubwa zaidi tunamtumia mwendesha mchezo faragha.

Kuhusu kifo, kwetu dadu haiui. Inaweza kukujeruhi, kukuvua silaha, kukutupa baharini. Kufa kunahitaji mwenye mhusika akubali, maana kuna watu wamemlea mhusika mmoja kwa miaka.

Naipa Telegram nyota nne kati ya tano kwa mchezo huu. Ya tano nimeibakiza kwa sababu dadu yake ina pande sita tu, na ukitaka ya pande ishirini inabidi uingize kundini boti, yaani programu inayojiendesha yenyewe, iliyotengenezwa na mtu mwingine, ambayo lazima uiamini. Anayetaka kujiunga na kundi lolote aombe kwanza kutazama pambano moja hadi mwisho, na aangalie jinsi wanaoshindwa wanavyoandika zamu yao ya mwisho.