Mwaka mmoja na kamusi ya simuni: ninachokiona kila nikilifungua neno «probe»

Ninatafsiri maandishi ya Kiingereza kwa Kiswahili hapa Goma, mashariki mwa Kongo, na kwa mwaka mzima nimetumia programu ya kamusi ya simuni ambayo niliilipia dola 6. Kwa maneno ya kila siku sina lalamiko. Inafunguka bila intaneti, jambo kubwa katika mtaa ambao umeme na mtandao hukatika bila taarifa, na matamshi yake yanasikika wazi.

Nilipoanza kutilia shaka ni kwenye neno «probe», ambalo kamusi hii inalijibu kwa neno moja tu: kuchunguza. Jibu hilo linatosha pale gazeti linaposema polisi wameanza «probe» juu ya fedha za umma zilizopotea. Mwezi wa pili, hata hivyo, nililetewa maandishi kuhusu Ziwa Kivu, ambalo kina chake kinafikia mita 485 hivi na ambalo maji yake ya chini yamebeba gesi nyingi ya metani na ya kaboni dioksidi. Humo ilisemwa kwamba watafiti waliteremsha «probe» kwa kamba kutoka kwenye mashua. Kama ningeifuata kamusi, ningeandika kwamba uchunguzi uliteremshwa ziwani kwa kamba, na hakuna mvuvi wa Kituku, ufukweni hapa Goma, ambaye angenielewa. Niliandika «kifaa cha kupimia», nikaongeza kwamba kinapima joto la maji kadiri kinavyoshuka.

Mfano ulionigusa zaidi ni wa kidonda. Karatasi ya mafunzo ilimtaka muuguzi afanye «probe» kwenye kidonda kirefu, nami nikaweka «achunguze kidonda». Mama mmoja muuguzi aliisoma rasimu yangu, akaweka kidole juu ya neno hilo, akaniambia: «Kuchunguza naweza kwa macho tu, nikiwa nimesimama mbali. Hapa wanataka niingize kijiti cha chuma polepole, nijue shimo limefika wapi.» Alikuwa na haki, na kosa kama hilo lingemfikia mgonjwa.

Tangu siku ile nalielewa neno lenyewe vizuri zaidi kuliko kamusi inavyolieleza. Asili yake ni Kilatini, «probare», yaani kujaribu na kuthibitisha, na katika Kiingereza liliwahi kuwa jina la chombo cha daktari kabla ya kuwa kitendo. Maana zake nyingi bado zina kitu kinachopenya mahali ambapo jicho halifiki. Kwa sababu hiyo Voyager 1, chombo ambacho Marekani ilikirusha angani mwaka 1977, nacho huitwa hivyo. Kifaransa kina «sonde», neno ambalo wauguzi wetu wanalitumia kila siku kwa mrija wa mkojo, na msomaji wa hapa angesaidika sana kama kamusi ingemtajia. Swali ambalo Waingereza huliita «probing» lina neno letu zuri kabisa, kudodosa: kumuuliza mtu kwa upole, swali juu ya swali, hadi atoe alichokificha. Kamusi haikulitaja popote, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwani Kiswahili hakikupungukiwa neno.

Nimewaandikia watengenezaji mara mbili nikiwapa mifano hii, na sijapata zaidi ya ujumbe wa kukiri kupokea. Nimelipia mwaka wa pili kwa ajili ya matumizi bila intaneti. Maandishi ya hospitali sasa ninayapeleka kwanza kwa yule mama muuguzi.