Farasi mwenye uvimbe wa muundi: buti ngumu au bendeji?
Uvimbe huu mgumu huota upande wa ndani wa mguu wa mbele, chini ya goti. Huwapata zaidi farasi wenye umri mdogo wanaoanza mazoezi, na wale wanaojigonga kwa ukwato wa mguu wa pili.

Kwa anayejigonga, nachagua buti ngumu, yaani kinga inayofungwa kuzunguka mguu, bila kusita. Lile bamba la plastiki la upande wa ndani ndilo linalopokea pigo, si mfupa. Shida ni kwamba buti ikibana juu ya uvimbe, itausugua mpaka uwe wa moto ukiugusa. Pitisha kidole ndani ukishafunga. Kikikwama pale penye nundu, tafuta saizi nyingine, au yenye manyoya ya kondoo kwa ndani.

Bendeji hufuata umbo la mguu wowote, lakini ukwato ukipiga sawasawa, kitambaa hakifui dafu. Ikilowa hulegea (msimu wa matope usiseme), na ukiivuta mno unaumiza kano. Saisi mzoefu ataimudu. Anayejifunza aanze na buti.

Farasi akichechemea na mguu bado una joto, acha vyote ukutani umwite daktari wa mifugo.